Mipira miwili kwenye throtoli

Septemba inapoingia, jua la Cheyo, hapa Tabora mjini, halina mchezo, na ndipo magari mengi huchemsha. Ukifungua boneti, mara nyingi utaona mipira miwili myembamba iliyoshikwa kwenye throtoli, lile bomba fupi lenye bamba linalofunguka unapokanyaga mafuta. Inapitisha maji ya rejeta, ya moto karibu nyuzi 90. Mwenye gari ana haki ya kuuliza: mji wenye joto hivi, mlango wa hewa unapashwa moto wa nini? Wengi hujibu kwa kuikata mipira hiyo, wakiamini hewa itapoa na gari litapata nguvu.

Moto ule uliwekwa kwa ajili ya baridi. Hewa inapopenya kando ya bamba, presha yake hushuka na joto nalo hushuka. Kwenye baridi inayokaribia sifuri, tena yenye unyevu, mvuke huganda hapo hapo na bamba likanata. Japani, yanakotoka magari yetu mengi, baridi ya namna hiyo hurudi kila mwaka. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hata usiku wa Julai maji hayagandi. Mtu wa Kitulo, kule Makete kwenye baridi, ningemsihi asiiguse mipira hiyo. Kwetu barafu si hoja.

Nguvu nayo si hoja. Injini ya cc 1500 ikizunguka mara 3000 kwa dakika, throtoli ikiwa wazi, huvuta hewa karibu lita 37 kila sekunde. Katika bomba la milimita 50, hewa hiyo hukatiza kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Pitisha mkono juu ya jiko la mkaa kwa kasi hiyo, hauungui. Hata hewa ikipoa nyuzi 3 nzima, nyongeza ni kama asilimia 1, na hakuna mguu wa dereva utakaoihisi.

Kinachoweza kuharibika ni sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Katika baadhi ya injini za Toyota na Honda za miaka ya 1990, maji hayo hupasha nta ndani ya vali. Nta hutanuka na kufunga hewa ya ziada ya kuwashia. Ukiyakata, nta hupata moto kwa shida, sailensi hubaki juu, na petroli inakwisha gari likiwa limesimama.

Sababu ninayoikubali ya kuikata mipira hiyo ni moja: mpira umepasuka ukiwa porini kuelekea Sikonge. Injini ikishapoa, unganisha ile mipira miwili kwa kipande cha bomba la chuma, kaza klipu, jaza maji, toa hewa. Usizibe ncha kwa boliti, kwa sababu katika injini nyingine utakuwa umekata mzunguko unaohitajika kwingine. Ukifika mjini, nunua mpira mpya. Na kama gari lilikuwa likichemsha tangu mwanzo, mwambie fundi aanze na feni, themostati, na rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya kisima.