Mshahara kwa Alama: Haki Iko Wapi?

Mei Mosi ya mwaka 2021 iliadhimishwa kitaifa hapa Mwanza, na watumishi walikuwa na neno moja kichwani: nyongeza. Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba wasubiri mwaka mmoja, na mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara kikapanda kwa asilimia 23.3. Nyongeza ya namna hiyo haichagui hodari wala mzembe. Ndipo watu huuliza: kwa nini mchapakazi asimzidi mshahara yule anayesaini na kuondoka?

Wanauliza jambo la msingi, na serikali imelihangaikia muda mrefu. Mwaka 2004 ilileta OPRAS, mfumo wa kupima utendaji: mtumishi na msimamizi wakubaliane malengo na kupimana kwa uwazi, badala ya ripoti za siri za zamani. Fomu zilijazwa, nyingi kutimiza wajibu tu. Sasa upo mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza kazi zake na bosi huzithibitisha. Chombo kimeboreka, lakini bado hatujakubaliana tupime nini.

Chukua mwalimu wa darasa la kwanza Mabatini, mtaa uliobanana chini ya vilima vya mawe. Watoto wanabanana dawatini, mmoja hajala tangu jana, mwingine daftari lake ni moja kwa masomo yote. Mwalimu anasahihisha kwa kupita kati yao, kwa taabu. Mwenzake, kwingine jijini, ana darasa dogo na wazazi wanaolipia masomo ya ziada. Ukiwalipa hawa kwa ufaulu wa wanafunzi, umepima mifuko ya wazazi.

Mkoa wa Pwani umeshatuonyesha hatari hiyo. Kuanzia mwaka 2011 watumishi wa afya huko walilipwa bonasi kila miezi sita kwa kufikia malengo, kama vile idadi ya wajawazito wanaojifungulia kituoni. Bonasi kamili ilikaribia asilimia 10 ya mshahara. Kina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka, na hilo si dogo. Lakini malipo ya mwanzo yalielemea vituo vyenye dawa na vifaa, na vile vinavyohudumia watu wenye uwezo. Muuguzi aliyeishiwa glovu na dawa alikosa bonasi kwa kosa la bohari. Pengo kati ya vituo lilipungua katika mizunguko iliyofuata, baada ya wengine kuumia.

Kwa maoni yangu, bonasi ilipwe kwa kituo au shule nzima, kwa kulinganisha na hali yake yenyewe ya mwaka uliotangulia, na vifaa vitangulie kipimo. Nyongeza ya mwaka, iliyorejeshwa 2023 baada ya kusimama kwa miaka, isigeuzwe zawadi; mtumishi ameipangia karo na kodi ya nyumba. Na anayepewa alama ya chini apewe sababu kwa maandishi, awe na pa kukata rufaa nje ya ofisi ya bosi aliyempa.