Bustani za Karatu: mboga zinaondoka alfajiri, malipo hayajulikani lini

Kwa mwenye nusu ekari ya karoti, letusi na hoho kati ya Rhotia na Oldeani, soko liko mlangoni. Barabara ya lami kutoka Makuyuni inapita Karatu mjini kabla ya kufika lango la Ngorongoro, na hoteli na kambi za watalii zimejaa kandokando yake hadi kwenye mashamba ya kahawa ya tangu enzi za Wajerumani. Wageni wanakula saladi kila siku. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mboga hizo hupandishwa na gari kutoka Arusha, kilomita kama 140, huku mkulima wa hapa akiangalia gari likipita.

Mama mmoja anayekusanya mboga kwa wakulima na kuzipeleka hotelini anasema kilio chake si bei. Ni mali kauli. Anafikisha mzigo alfajiri, jikoni wanaupima, daftari linasainiwa, basi. Malipo ni mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukifika anaambiwa kampuni iliyoleta wageni nayo haijalipa. Siku 30 zinageuka 60, mara 90. Mkulima aliyemchumia karoti hawezi kungoja hivyo, kwa sababu vibarua wanadai jioni ileile na duka la pembejeo halikopeshi. Kwa hiyo mama huyo hukopa kwenye kikoba ili amlipe mkulima, na riba inamaliza faida kabla fedha ya hoteli haijaingia.

Kwa nini asiache? Jibu lake ndilo linaloeleza biashara hii yote. Brokoli, zukini na letusi ya majani mekundu hazina mnunuzi gengeni. Mnunuzi wa mboga hizo ni hoteli peke yake, na brokoli ikikaa siku chache inageuka njano. Aliyeipanda kwa ajili ya oda hana pa kukimbilia oda ikisitishwa. Mzigo nao unaweza kurudishwa ukiwa tayari getini kwa sababu karoti zimepinda, na makubaliano yenyewe yalikuwa ya simu tu. Kuna pia suala la risiti ya EFD. Wahasibu wa hoteli wanaitaka, mwenye bustani ndogo hana mashine, hivyo lazima apite kwa mtu wa kati ambaye naye anakata chake.

Mnunuzi wa hoteli moja ana maelezo tofauti. Arusha, anasema, humpa kila kitu kwa gari moja mwaka mzima, ilhali Karatu humletea kabichi nyingi mwezi Mei vyumba vikiwa vitupu, halafu Septemba hazipatikani. Hapo ana hoja nzito. Masika ni Machi hadi Mei, na baadhi ya kambi hufunga kabisa Aprili na Mei. Wageni hufurika kuanzia Juni hadi Oktoba, yaani kiangazi kitupu, vijito vinapopungua na bustani kuhitaji maji kila siku. Chanzo kikuu cha maji ya Karatu ni msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, na kiangazi matumizi ya nyumbani hutangulia kumwagilia. Mwenye kisima kirefu au pampu ya jua ndiye anayeikamata bei ya Septemba. Wa ndoo na pampu ya mafuta huuza pamoja na wenzake wote, bei ikiwa chini.

Ofisa mmoja anayehusika na kilimo anapoulizwa habari za bustani hizi hutaja lengo la taifa: mauzo ya nje ya mazao ya bustani yafikie dola bilioni 2 kwa mwaka ifikapo 2030. Ni lengo kubwa, lakini haligusi swali la nani anamlipa mkulima wa Rhotia, na lini. Hutaja pia nafuu ya ushuru wa mazao ya mwaka 2017, uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na kufutwa kwa mzigo usiozidi tani moja unaovuka halmashauri. Kwa maandishi hayo, matenga ya nyanya ndani ya Noah hayadaiwi kitu. Wauzaji wanasimulia habari nyingine ya vizuizini, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba msamaha huo upo. Nafuu isiyojulikana kizuizini haijampunguzia mtu gharama.

Mambo ni tofauti huko Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi: vitunguu vinavyonyweshwa na chemchemi za Qangdend huwafuata wanunuzi hadi Kenya, na malipo ni taslimu. Ugomvi wa huko ni lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini dalali akishashona kofia juu yake, mkulima anauza kilo ambazo halipwi.

Mteja asiyezungumziwa sana yuko ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Kilimo kilipigwa marufuku humo mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kisha kikazuiwa tena. Kwa hiyo familia za wafugaji hununua mahindi, maharage, nyanya na kabichi zinazopandishwa kutoka Karatu. Hawaulizi karoti imepinda au imenyooka, na wanalipa hapohapo. Kwa maoni yangu soko hili limedharauliwa mno na wanaopanga mipango ya bustani. Sasa nalo lina shaka yake: tangu 2022 familia zimekuwa zikihamia Msomera, Handeni. Baadhi ya wachuuzi wanasema mizigo imepungua, wengine wanasema hawajaona tofauti.

Nyanya zenyewe ni bahati nasibu tangu mdudu kantangaze aingie, na dawa yake inanunuliwa kabla ya tunda la kwanza. Yule mama anayepeleka mboga hotelini anasema msimu ujao atapunguza brokoli, aongeze kabichi na vitunguu vya kuuza mnadani. Deni la Juni likilipwa kabla ya Oktoba, huenda akabadili mawazo.