Lantana: Kichaka cha mapambo chenye sumu kwa mifugo

KATIKA mitaa ya viungani mwa jiji la Kisumu kama vile Mamboleo, bustani na malisho hupakana. Ndiyo sababu anayepanda lantana ili kupamba ua wa nyumba yake anapaswa kumfikiria pia jirani mwenye ng'ombe.

Kichaka hiki, ambacho asili yake ni Amerika ya kitropiki, Wajaluo hukiita nyabend winy. Maua yake huchanua yakiwa ya manjano, kisha hugeuka kuwa ya rangi ya machungwa, waridi au nyekundu kadiri yanavyokomaa, hata kishada kimoja kikawa na rangi kadhaa.

Kukikuza si kazi ngumu. Kipande cha tawi chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 huota mizizi kikipandwa katika udongo wenye unyevu usiotuamisha maji. Mmea huu hupenda jua, na ukishashika huvumilia ukame.

Kazi ngumu ni kuuzuia usienee. Ndege hula matunda yake meusi yaliyoiva na kusambaza mbegu mbali. Kwa hiyo matawi yapogolewe maua yanaponyauka, kabla ya matunda kukomaa. Anayepogoa avae glavu, kwani majani huweza kuwasha ngozi.

Majani hayo yana sumu iitwayo lantadeni, ambayo huharibu ini. Ng'ombe aliyeyala hupoteza hamu ya chakula na kufunga choo. Macho na ufizi wake hugeuka manjano, na ngozi yake, hasa sehemu nyeupe, hubabuka kwa jua. Mnyama huyo awekwe kivulini na daktari wa mifugo aitwe mara moja. Matawi yaliyokatwa yasitupwe njiani, bali yachomwe au yafukiwe, kwa kuwa hata yakikauka sumu hubaki. Watoto nao waonywe wasile matunda mabichi.

Madhara ya vichaka vilivyoachwa yalidhihirika mwaka 1964, ugonjwa wa malale ulipozuka Alego, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Siaya. Mbung'o walipatikana katika vichaka vya lantana karibu na makazi ya watu. Mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma, lakini funzo lingalipo.

Asiyeweza kupogoa lantana yake kila msimu ni heri aing'oe pamoja na mizizi, maana shina likikatwa tu huchipuka upya.