Je, Mumeo Hataki Kukusikiliza, au Hasikii?

Katika mikutano ya akina mama hapa Bububu kuna lalamiko ambalo limekuwa kama wimbo. "Baba watoto siku hizi ananidharau. Namsemesha hajibu. Mtoto humwita mpaka amguse bega. Redio anaifungulia mpaka majirani wanasikia. Lakini rafiki zake wakija barazani, anazungumza nao vizuri tu."

Mara nyingi mwenzetu huyu hupewa ushauri wa ndoa: vumilia, mwombee, zungumza naye kwa upole. Ushauri huo si mbaya. Lakini sisi wauguzi tumezoea kuuliza kwanza swali moja: mumeo anafanya kazi gani? Jibu likiwa ni useremala wa mashine, kuchomelea vyuma, kusaga nafaka, kuponda kokoto au kuendesha boti ya mashine, tunamwambia asiharakishe kumhukumu. Huenda hakuna dharau yoyote. Huenda masikio ya baba yameumia, na yeye mwenyewe hajui.

KELELE ZINAZOTULISHA

Wenyeji husema kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa maji ya chemchemi yanavyobubujika. Leo, ukiishika barabara kuelekea mjini, unachokisikia ni misumeno ya umeme, randa, magereji na honi za daladala. Tena wengi tunakumbuka ile miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, Unguja ilipokosa umeme unaotoka Bara. Jenereta ziliunguruma mbele ya maduka mchana kutwa, na waliozihudumia walikaa kando yake bila kinga yoyote.

Nguvu ya kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini wanashauri mtu asikae kwenye kelele za desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3 tu, muda huo hukatwa nusu. Yaani desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Mashine ya kukatia na kusaga chuma huweza kufika hizo 100. Fundi anayeishika tangu asubuhi amekwisha maliza kipimo cha siku nzima kabla hajanywa chai.

Na hili si jambo la nchi za mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Norwei, walipima masikio ya wafanyakazi wa viwanda vya chuma nchini Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa wafanyakazi 48 katika kila 100 walikuwa wamepungukiwa usikivu. Miongoni mwa walimu wa shule za msingi waliopimwa ili kulinganisha, walikuwa 31 katika kila 100.

KWA NINI AWASIKIE WENZAKE, ASINISIKIE MIMI?

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojiviringa kama konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana, ambavyo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kali huvilaza vinyweleo hivyo kama upepo ulazavyo mpunga. Mwanzoni huinuka tena baada ya mapumziko, ndiyo maana fundi akitoka kazini masikio huvuma, na asubuhi anajiona mzima. Lakini zikizidi siku, chembe hizo hufa. Zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Sauti nene ya mwanamume barazani bado inafika. Sauti ya mke na ya mtoto ndiyo inayopotea mapema. Hata herufi kama s, f na sh humponyoka. Ukisema "shika" yeye anasikia "fika", na jibu analotoa halifanani na swali. Hapo ugomvi huanza, kumbe hakuna aliyekosea.

KIPIMO KINAVYOFANYIKA

Wanaume wengi hukataa kupimwa kwa kudhani watachomwa sindano, au wataambiwa ni viziwi na kunyang'anywa kazi. Mweleze mumeo kwamba kipimo hakiumi, na kwa kawaida hakizidi nusu saa.

Kwanza mpimaji huangalia ndani ya sikio kwa taa, kwa maana wakati mwingine tatizo ni nta tu au usaha, na hayo yanatibika. Kisha mtu hukaa mahali palipo kimya na kuvaa vipokea sauti masikioni. Hupelekewa milio, sikio moja baada ya jingine, minene na myembamba, mikubwa mpaka hafifu kabisa. Kila anaposikia hubonyeza kitufe au huinua mkono, na majibu huchorwa kwenye chati. Masikio yaliyoumizwa na kelele huonyesha alama yao: mstari wa chati hushuka ghafla kwenye milio myembamba, kisha mara nyingi hupanda tena kidogo.

Sharti moja ni muhimu. Aende masikio yakiwa yamepumzika, angalau saa 14 bila kelele. Kwa hiyo asubuhi kabla ya kazi ndiyo nzuri. Akipimwa jioni akitoka karakana, chati inaweza kudanganya. Anzeni katika kituo cha afya kilicho karibu, muulize mtapelekwa wapi kwa daktari wa masikio, pua na koo.

ASINGOJE MPAKA ASHINDWE KUSIKIA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kipimo hiki ni cha anayesikia bado. Apimwe anapoanza kazi ya kelele, ili kuwe na chati ya kwanza ya kulinganishia, kisha kila mwaka. Chati ya pili ikishuka kidogo kuliko ya kwanza, hasara inaonekana kabla mtu hajaihisi, na iliyobaki inaweza kuokolewa. Kwa aliyeajiriwa, Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka 2005, hivyo si utovu wa adabu kumuuliza tajiri kuhusu kupimwa na kuhusu kinga. Aliyejiajiri hana wa kumkumbusha isipokuwa wewe.

Na wewe mama unayeshinda kwenye mashine ya kusaga au kwenye kokoto, maneno haya ni yako pia. Kijana anayejifunza ufundi, na mtoto mchanga anayelazwa kando ya mashine, nao wana masikio.

UNAYOWEZA KUFANYA

• Mnunulieni vizibo vya masikio vya sponji au vifuniko vya kichwani. Pamba na kitambaa havitoshi.

• Kizibo cha sponji huviringishwa kwanza kiwe chembamba. Sikio huvutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kizibo kiingizwe na kushikiliwa nusu dakika mpaka kitanuke.

• Mashine itiliwe mafuta na kukazwa skrubu. Jenereta iwekwe mbali na anapokaa mtu.

• Akipewa dawa, amweleze daktari kuwa anafanya kazi ya kelele, maana baadhi ya dawa, kama sindano za streptomaisini na jentamaisini, huweza kudhuru masikio.

• Ukizungumza naye usipige kelele. Punguza redio, simama mbele yake auone uso wako, sema taratibu.

Tumewaona mafundi waliopimwa na kuanza kuvaa kinga. Usikivu uliopotea haukuwarudia, na hatutaki kumdanganya yeyote. Lakini kilichobaki kimebaki. Kwa hiyo mwezi huu, kabla hujamwita mumeo kwenye kikao cha wazee, msindikize kwanza akapimwe masikio.