Farasi akishaokolewa, kazi ndipo inapoanza

Katika kituo kinachohifadhi farasi na punda waliookolewa, kazi ya kwanza ya alfajiri ni kuangalia kinyesi. Kabla ndoo ya kwanza haijajazwa maji, msimamizi wa zamu hupita banda baada ya banda akiwa na tochi na daftari. Hutazama mavi ya usiku ni kiasi gani na ni makavu au mepesi, chakula cha jana kimeliwa au kimebaki, mnyama amesimama vipi, masikio yake yameelekea wapi. Farasi hawezi kutapika. Chakula kikimkwama tumboni hakina njia ya kurudi, na maumivu ya tumbo yanaweza kumuua kwa muda wa saa chache. Banda lisilo na kinyesi asubuhi ni sababu tosha ya kumpigia simu daktari wa mifugo kabla ya chai.

Haya si mambo yanayopigwa picha. Picha hupigwa siku ya kuokoa: lori limefika, askari wapo, mnyama mbavu nje anavutwa taratibu kutoka uani, na watu wanafuta machozi. Siku hiyo ni moja tu. Baada yake hufuata mamia ya siku za kulisha, kusafisha vidonda, kuzoa mavi na kuandika. Mjadala wetu wa ustawi wa wanyama hapa Afrika Mashariki mara nyingi huishia siku ile ya kwanza. Tunakasirika tukiona video ya punda anayechapwa, kisha tunasahau kuuliza kesho yake atakula nini, atatibiwa na nani, na mwishowe atakabidhiwa nani.

Kutoka Cairo hadi Lamu

Waliotangulia katika kazi hii walilijua hilo. Mwaka 1930 Dorothy Brooke, mke wa jenerali wa Uingereza, alifika Cairo akakuta farasi waliotumika jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza wakivuta mikokoteni mitaani, wazee, wamekonda, wengine vilema. Waliuzwa vita vilipokwisha. Mwaka 1931 barua yake ilichapishwa katika gazeti la Morning Post la London, wasomaji wakachanga fedha, na ndani ya miaka michache akawa amenunua farasi wapatao 5,000. Wengi wao walikuwa wamechakaa mno, na huruma pekee iliyobaki ilikuwa kuwapumzisha. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya kutibu bila malipo farasi na punda wa wenyeji wenyewe. Kazi ya kuwanunua farasi wa vita ilifika mwisho, hospitali ikabaki, na ndiyo mzizi wa shirika la Brooke ambalo leo lina kazi hadi Kenya.

Mfano wa karibu zaidi uko Lamu. Katika Mji Mkongwe, ambako vichochoro ni vyembamba na gari halina pa kupita, punda ndiye mchukuzi wa saruji, mchanga, mawe na magunia ya unga. Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyeanzisha shirika la The Donkey Sanctuary mwaka 1969, alifika kisiwani akaona hali yao, na mwaka 1987 shirika lake likafungua hapo zahanati ya punda isiyomtoza mwenye mnyama hata senti. Uingereza, ambako shirika hilo lina makao yake karibu na mji wa Sidmouth, punda wanaookolewa hutunzwa kituoni au kutafutiwa walezi wapya. Lamu, punda huletwa na mwenyewe, hutibiwa, kisha hurudi naye nyumbani. Shirika ni moja na njia ni mbili, na kila njia inataka nidhamu ileile ya kila siku.

Ghala kwanza

Nidhamu hiyo huanzia ghalani. Farasi mzima mwenye kilo 450 huhitaji malisho makavu ya asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kila siku, yaani kilo 7 hadi 9. Chukua kituo chenye farasi 20. Kwa wastani wa kilo 8 kila mmoja, ni kilo 160 kwa siku na kilo 4,800 kwa mwezi. Ukinunua hei katika marobota ya kilo 15, hayo ni marobota 320 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, mfadhili awepo asiwepo. Maji ni lita 40 hivi kwa kila farasi, na joto likizidi huongezeka. Hizo ni lita 800 kwa siku, sawa na madumu 40 ya lita 20. Kinyesi nacho, kwa kilo 20 kila mmoja, ni kilo 400 za kuzolewa kwa toroli kabla nzi hawajazaliana.

Ndiyo maana meneja anayeijua kazi hununua hei wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuipanga juu ya mbao isiguse sakafu yenye unyevu. Robota lililoota ukungu hutupwa hata kama limelipiwa, kwa kuwa vumbi la ukungu huharibu mapafu ya farasi. Tumbo la farasi nalo ni dogo ukilinganisha na mwili wake, na hutoa asidi mchana na usiku. Liliumbwa kupokea nyasi kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukimpa mlo mkubwa asubuhi na mwingine jioni, katikati ukamwacha bila kitu, unamtengenezea vidonda vya tumbo. Kwa hiyo ratiba ya malisho hupangwa mara tatu au nne kwa siku, na mara ya mwisho huwa usiku.

Ukutani, katika chumba cha chakula, pana ubao. Kila mnyama ana mstari wake: jina, kilo za hei, dawa na saa zake, tarehe ya minyoo, tarehe ya kwato. Kwato huchongwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na zikiachwa hurefuka na kupinda hadi mnyama akashindwa kukanyaga sawasawa. Ubao huo hubadilishwa na mtu mmoja tu kwa idhini ya daktari. Mfanyakazi mwenye moyo mwema anayemchotea farasi konzi ya mahindi kwa siri anaweza kumletea uvimbe ndani ya kwato, ugonjwa unaouma mno na ambao wengine hawaponi.

Mgeni akifika

Hatari kubwa ni siku za mwanzo. Mnyama aliyekaa na njaa kwa wiki nyingi huamsha tamaa ya kumjazia chombo, na tamaa hiyo huua. Wanga mwingi ukiingia ghafla, insulini hupanda na kuzisukuma chumvi muhimu za damu ndani ya chembe za mwili, kisha moyo na misuli hushindwa kufanya kazi. Farasi aliyeonekana kufurahia chakula siku ya kwanza anaweza kuanguka siku ya nne. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliochunguza lishe ya farasi waliokondeshwa na njaa, wanashauri majani makavu ya alfalfa, takriban nusu kilo kila baada ya saa nne katika siku tatu za kwanza, kisha kuongeza polepole. Ratiba hiyo inamaanisha mtu wa kuamka saa nane usiku kupeleka nusu kilo ya majani bandani, kesho yake tena, na keshokutwa tena. Uzito wenyewe hurudi kwa miezi.

Mgeni pia hukaa peke yake kwa wiki tatu au zaidi, mbali na wenzake, akiwa na ndoo, ufagio na kamba zake mwenyewe. Wanaomhudumia humfikia mwisho, baada ya kumaliza na wazima, ili wasibebe maradhi kwa viatu na mikono. Joto lake hupimwa kila siku. Farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na likipanda zaidi kuna jambo. Upo ugonjwa wa bakteria unaovimbisha tezi za koo hadi zikapasuka usaha, na farasi aliyepona anaweza kuendelea kuubeba bila dalili yoyote. Kituo kinachomwingiza mgeni moja kwa moja kwenye uwanja wa wote kinaweza kulazimika kufunga milango kwa miezi.

Punda ana mambo yake. Huficha maumivu. Farasi mwenye tumbo linalouma hugaagaa na kulitazama tumbo lake, lakini punda hunyamaza tu na kuacha kula. Akikaa bila kula, mafuta ya mwili humwagika katika damu na kuharibu ini, na hilo humuua kabla ya ule ugonjwa uliomleta. Tena hufungamana na mwenzake. Ukimpeleka mmoja chumba cha matibabu ukamwacha mwenzake, wote wawili wanaweza kususia chakula. Vituo vyenye uzoefu huwahamisha pamoja, na siku ya kumkabidhi mlezi huwatoa wawili wawili.

Angalia sasa jeraha la kawaida la punda wa mizigo, kidonda cha juu ya mabega. Daktari hunyoa manyoya kukizunguka, hukiosha kwa maji ya chumvi, hutoa nyama iliyokufa, na humchanja punda dhidi ya pepopunda. Kisha hutaka kuiona shogi yenyewe, lile tandiko la mizigo la punda. Huipitishia kiganja upande wa ndani na kukuta mahali ilipolika, kitambaa kimeisha, kamba ya nailoni imebaki wazi na imekauka kwa damu. Hapo ndipo kidonda kilipotoka. Kamba hiyo ikitolewa na pamba ikashonwa upya, kidonda kitafunga. Isipotolewa, punda huyo atarudi mwezi ujao na jeraha lilelile.

Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke. Wanaowahudumia kila siku wanajua kwamba teke huwa na chanzo: mkono uliogusa penye maumivu, au mtu aliyetokea nyuma bila kujitambulisha. Mfanyakazi mpya hufundishwa kumkaribia mnyama kwa upande wa bega akimsemesha, na asizungushe kamba mkononi hata siku moja, maana mnyama akishtuka huenda na vidole.

Kumkabidhi nani?

Lengo la kituo ni mnyama kuondoka akiwa mzima na kwenda mahali pema. Maombi ya kulea farasi hujazwa kwa maandishi, kisha mtu wa kituo huenda kuona mahali: uzio ukoje, maji yanatoka wapi, kivuli kipo, mwombaji ana namba ya daktari na ya fundi wa kwato? Mkataba hukataza kumuuza, kumchinjisha au kumzalisha, na huagiza kwamba mlezi akishindwa amrudishe kituoni. Ukaguzi huendelea hata baada ya mnyama kuhama. Meneja lazima awe na ujasiri wa kumkatalia mwombaji mwenye pesa asiye na muda.

Lazima pia awe na ujasiri wa kukataa wanyama. Kituo chenye uwezo wa farasi 20 kikipokea 30 kitapunja hei, kitachelewesha kwato, kitachanganya wagonjwa na wazima. Kitakuwa kimegeuka mahali pengine pa mateso, hata kama nia ni njema. Na yule ambaye maumivu yake hayana tiba, uamuzi wa kumpumzisha kwa sindano ufanywe na daktari pamoja na meneja kwa vigezo vilivyoandikwa mapema, si kwa hofu ya lawama.

Hapa ndipo njia ya Lamu inapotufaa zaidi. Kwetu, mwenye punda ni mchukuzi anayelisha watoto kwa mgongo wa mnyama huyo. Ukimnyang'anya, atanunua mwingine na kumtumia vilevile, kwa sababu hajafundishwa njia nyingine. Ukimtibia punda wake bure, ukamrekebishia shogi na kumwonyesha namna ya kukagua kwato, umewaokoa wote wawili. Mlezi tunayemtafuta mara nyingi ni yule yule mwenye mnyama, akiwa na ujuzi mpya.

Uangalizi huo una uzito zaidi sasa. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kupata gundi ya dawa za asili za Kichina, iliingia Kenya kwa nguvu machinjio yalipopewa leseni kuanzia 2016. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, na ile ya 2019 takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hayo. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15 barani kote. Punda aliyeandikishwa zahanati, mwenye alama na jina la mwenyewe daftarini, ni vigumu zaidi kuibwa usiku na kupotea bila mtu kuuliza.

Sheria tunazo. Kenya ina Sura ya 360 inayozuia ukatili kwa wanyama, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kinachopungua ni mabanda, hei, dawa na mishahara ya watu wa zamu. Kaunti na halmashauri zinazotoza ushuru wa mizigo inayobebwa na punda zinaweza kutenga sehemu ya makusanyo hayo kwa zahanati moja ya mifugo ya mizigo, hata iwe ya siku mbili kwa wiki. Nawe msomaji, ukiona mnyama aliyejeruhiwa, mjulishe afisa wa mifugo wa eneo lako kabla ya kuirusha picha mtandaoni. Na ukitaka kukisaidia kituo, uliza ghalani pamebaki marobota mangapi ya hei, kisha nunua yanayopungua.