Uwatu na Tembe za Sukari

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mbegu tunazokula, na kazi yake kwenye sukari na kolesteroli ya damu.

Ukipita Marikiti, yaani Soko la Mackinnon, utaona uwatu, habasoda na simsim zikiuzwa pamoja na iliki, mdalasini na bizari. Uwatu si mgeni Mji wa Kale. Wengine huuita hulba. Mama akijifungua, katika zile siku arubaini hupewa uji au maziwa ya uwatu ili aweze kunyonyesha vizuri. Lakini wako pia wanaouloweka usiku na kunywa maji yake asubuhi ili kuteremsha sukari, na miongoni mwao wapo wanaoacha tembe za hospitali kwa kuitegemea gilasi hiyo. Hapo ndipo penye hatari.

Je, ni kweli uwatu huteremsha sukari?

Ndiyo, unasaidia. Uwatu uliolowekwa usiku kucha huvimba na kutoa ute kama wa bamia. Ute huo ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya uwatu ni nyuzinyuzi za aina mbalimbali. Zikifika tumboni huchanganyika na chakula, na sukari inayotokana na mahamri au wali huingia kwenye damu polepole badala ya kuingia kwa mkupuo.

Kolesteroli huteremka kwa njia nyingine. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo, ambayo husaidia kusaga mafuta tunayokula. Nyongo ikimaliza kazi yake, sehemu kubwa hurudi kwenye ini ili itumike tena. Ule ute hushika kiasi cha nyongo na kutoka nacho chooni. Ini basi hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na kolesteroli ya kuitengeneza hulitoa kwenye damu.

Mwaka 1990 wataalamu wa lishe wa Hyderabad, nchini India, walitoa matokeo ya utafiti wao. Kundi dogo la wagonjwa wa kisukari lilikula unga wa uwatu kwa siku 10. Sukari ya damu ilishuka, na kolesteroli pia. Lakini angalia kipimo: walikula gramu 100 kwa siku za uwatu ulioondolewa mafuta. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4. Hivyo wale walikula kiasi cha vijiko 25 kila siku! Tafiti nyingine zilizofuata zilitumia kiasi kidogo zaidi, na nafuu iliyopatikana haikulingana kwa watu wote. Habasoda nayo imeonyesha nafuu ndogo. Hii ni nafuu ya kusaidia dawa. Haichukui nafasi ya dawa.

Tena, ukichuja maji ya uwatu na kutupa mbegu, nyuzinyuzi nyingi umezitupa. Ni bora kuzila mbegu zenyewe zikiwa zimelainika, au unga wake ndani ya mchuzi, na kunywa maji ya kutosha. Mbegu kavu zinazovimba zisimezwe bila maji, kwani zinaweza kukwama kooni.

Mbegu zilizomo chunguni mwako

Mama, mbaazi, kunde na pojo pia ni mbegu, na hizi huliwa kwa sahani, si kwa kijiko. Mwaka 2014 wataalamu wa Kanada walijumlisha tafiti 26 juu ya nafaka za jamii ya kunde. Walikuta kwamba kula takriban gramu 130 kwa siku, yaani kama robo tatu ya kikombe zikiwa zimepikwa, hupunguza kolesteroli mbaya kwa kiasi cha asilimia 5. Kwa hiyo mbaazi za asubuhi ni rafiki wa moyo. Tatizo ni kasimile na mahamri matano. Pika mbaazi kwa tui jepesi, zidisha mbaazi sahanini, na upunguze mahamri.

Tahadhari

Kwanza, mgonjwa asiache tembe wala insulini kwa sababu ya uwatu. Mtoto mwenye kisukari anayedungwa sindano za insulini akikoseshwa dawa hiyo anaweza kufa katika muda wa siku chache.

Pili, uwatu mwingi pamoja na dawa unaweza kuteremsha sukari kupita kiasi, hasa kwa anayetumia insulini au tembe zinazolisukuma kongosho. Mwezi wa Ramadhani hatari huzidi. Dalili ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 4, mpe mgonjwa vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, hata kama amefunga, kisha umpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

Tatu, ute wa mbegu unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini. Acha muda wa saa moja au mbili kati ya dawa na uwatu.

Nne, mama mjamzito asitumie uwatu kama dawa. Kiasi kidogo cha kiungo ndani ya mchuzi hakina neno. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza, na mwenye mzio wa njugu ajihadhari, kwani uwatu ni wa jamii moja na njugu.

Tano, mama anayenyonyesha akila uwatu, mkojo na jasho la mtoto vinaweza kunukia kama sukari iliyoungua. Mara nyingi ni harufu ya uwatu tu, lakini iko pia maradhi adimu ya watoto wachanga yenye harufu kama hiyo. Mwambie muuguzi kwamba unatumia uwatu, na mtoto akikataa kunyonya au akilegea, mpeleke hospitali mara moja.

Ufanye nini leo?

Ikiwa nyumbani mna mtu mwenye sukari, muulize kwa upole: "Tembe umekunywa?" Wazee wetu wengi huona haya kusema kwamba wameziacha. Usimgombeze. Muache aendelee na uwatu wake kwa kiasi, lakini mwende pamoja kliniki, iwe ni Hospitali Kuu ya Pwani au kituo cha afya kilicho karibu nanyi, na mmwambie daktari yote anayotumia. Sukari kabla ya kula asubuhi ikiwa 7 au zaidi, hiyo ni ya juu. Daktari ndiye atakayeamua kama dawa ipunguzwe au iongezwe.