PROFESA WANGARI MAATHAI: SI MITI PEKEE

Ukimtaja Profesa Wangari Maathai hapa shuleni, kila mtu atakujibu, "Yule wa miti!" Ni kweli, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mama huyu alikuwa pia mwalimu wa chuo kikuu, na huko nako alipigana vita ambavyo wengi wetu hatuvijui.

Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka wa 1940. Baada ya kusomea biolojia Marekani, alirudi mwaka wa 1966 akiwa ameahidiwa kazi chuoni Nairobi. Kufika, lo! kazi imepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba aliponzwa na jinsia na kabila lake. Hakufa moyo. Alipata nafasi katika idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Mwaka wa 1976 akaongoza idara hiyo.

Sasa, vita vyenyewe vilikuwa vya nini? Wahadhiri wa kike walifundisha sawa na wa kiume, lakini marupurupu, kama yale ya nyumba, hayakuwa sawa. Eti mwanamke aliyeolewa ana mume wa kumtunza! Kwani mtu hulipwa kwa kazi yake au kwa ndoa yake? Wangari na mwenzake Vertistine Mbaya, mtaalamu wa biokemia, walidai usawa. Walijaribu hata kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi, mahakama ikakataa. Hata hivyo, baadaye madai yao mengi yalikubaliwa.

Mwaka wa 1982 aliacha kazi ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea, na chuo nacho hakikumrudisha. Lakini mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, na chuo hichohicho kikaja kuanzisha taasisi yenye jina lake. Alifariki mwaka wa 2011.

Wenzangu, kule mitaani bado twasikia, "Msichana wa kusomeshwa wa nini, si ataolewa tu?" Hiyo ni hoja ileile ya chuoni, imebadilisha nguo tu. Wavulana, msinune. Hatuombi kupendelewa, twataka kipimo kiwe kimoja. Na sisi wasichana, tukidhulumiwa, tuseme kama alivyosema Profesa.

Kalamu naiweka chini. Kwaherini.